Maji ya Bakuli

Nyanya sita, za Kibuye, fungu la hamsini.
Nyar Seme alinichagulia mwenyewe, akizibonyeza kwa kidole gumba
kama daktari anayetafuta bandama,
akarudisha mbili: "Hizi ni za mchuzi. Wewe wataka za kula mbichi."
Akaniangalia mikono,
akaongeza dania bila kudai.

Rispa yuko zamu ya usiku, wodi ya wazazi.
Atafika huku Nyalenda saa tatu asubuhi,
viatu mkononi, macho yamejaa watoto wa watu.
Alisema kwenye simu, kwa sauti ya chini:
kesho sitaki chai wala mandazi.
Nataka ile ya Mama.

Ile ya Mama.
Mama Turfosa tulimzika mwezi wa nne, Alego, kwenye tope.
Na mimi, mkwe, sikuwahi kumwona akiikata.
Adabu ni adabu: yeye jikoni, mimi sebuleni,
kati yetu pazia la maua ya samawati
na salamu zilizopitishwa na mtoto.

Lakini masikio hayana ukwe.
Nilisikia kisu kikinolewa kwenye ngazi ya saruji,
mara saba, kisha kimya,
kisha kitunguu: chwi, chwi, chwi,
sauti nyembamba, kama mtu anayefungua bahasha
asiyetaka kuichana barua.
Nilisikia chumvi ikidondoka beseni. Nikasikia akikanda.
Maji yakamwagwa nje. Tena. Tena.
Ndipo nyanya, na nyanya haina sauti
kisu kikiwa kikali. Ukiisikia, ujue umeiponda.

Basi leo nanoa. Moja hadi saba.
Hawi amesimama mlangoni na nguo ya kulalia.
"Baba, unalia?"
Ni kitunguu.
"Lakini bado hujakikata."

Nakikata.
Pete za zambarau, nyembamba hadi ubao unaonekana ng'ambo.
Chumvi, kukanda, kumwaga:
maji ya kwanza yananuka hasira,
ya pili yananuka kitunguu,
ya tatu hayana neno na mtu.
Nyanya ya kwanza inasema pwa. Namlisha Hawi.
Ya pili inanong'ona.
Ya tatu, kimya,
na bila kujua nageuka kulitazama pazia,
lile lile, maua yamepauka, pindo limeungua kidogo kwa jiko.

Pilipili moja, mbegu nje. Dania, na vijiti vyake.
Limau, hapa ndipo ninapokwama.
Sikumbuki sauti ya limau.
Nikamtuma Hawi kwa Mama Zaituni, mlango wa nne,
akarudi na nusu, na ujumbe:
nusu ya pili wameshaitia kwenye chai.
Nikakamua hadi ganda likakunjamana.

Rispa haongei. Anaketi na sweta lake la kazi,
anachota kwa vidole, anatafuna macho yamefumba.
Nasimama pale kama mtu aliyepeleka fomu dirishani.

"Limau," anasema.
"Mama hakuwa akitia limau."
Anachota tena.
"Alisema nyanya ya haki huja na uchachu wake."
Tena. Ugali wa jana, omena wa juzi,
vyote vinafuata njia hiyo hiyo,
na limau halitajwi tena.

Mwishowe yanabaki maji chini ya bakuli,
mekundu hafifu, mbegu tatu, jani moja.
Hayo ndiyo tuliyokuwa tukigombania mwaka ule wa kwanza,
chumba kimoja, kijiko kimoja, sijui nani alishinda.
Leo ananisukumia bakuli.
Namrudishia.
Anakunywa nusu, anafuta mdomo kwa mgongo wa mkono.
"Na nani alikufundisha kuosha kitunguu mara tatu?"

Naelekeza kidevu kwenye pazia.
Analitazama muda mrefu.

Hawi, ambaye hakuulizwa,
ameshaliinua bakuli kwa mikono miwili,
uso wote umepotelea ndani.